Mwenye shamba akipooza, nani atasaini?

Katika mitaa ya Daraja Mbili jijini Arusha, biashara nyingi ndogo zina mwenye mali mmoja, simu moja na saini moja. Duka la nafaka, mashine ya kusaga, banda la pembejeo, gereji, vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba. Vyote vinaendeshwa na mtu ambaye hesabu zake ziko kichwani na fedha zake ziko kwenye laini ya simu ambayo namba yake ya siri anaijua peke yake. Mara nyingi mtu huyo huyo ana kihamba cha migomba na kahawa upande wa Meru, ng'ombe wawili wa maziwa bandani na mkopo ambao dhamana yake ni nyumba anayolala.

Mtu huyo akifariki, jamii inajua la kufanya. Kuna msiba, kuna kikao cha ukoo, kuna mahakama na msimamizi wa mirathi. Njia hiyo ni ndefu na ina ugomvi wake, lakini imekanyagwa na wengi. Kazi ipo pale anapobaki hai ila hawezi tena kusema, kushika kalamu wala kutambua anachoulizwa. Hapo ndipo familia nyingi zinapogundua kuwa mali ipo, mwenye mali yupo, na hakuna anayeweza kuigusa kihalali.

Chukua mfano wa mzee wa miaka 62, ambaye hapa hatapewa jina kwa kuwa wanaofanana naye ni wengi. Ana duka la nafaka na mashine ya kusaga Daraja Mbili, na ekari moja na nusu ya migomba na kahawa huko Meru. Amekopa kwenye SACCOS na anarejesha Sh450,000 kila mwezi. Benki ana akiba ya Sh3,000,000 kwa jina lake peke yake, na kwenye simu ana mtaji wa kununulia mahindi. Asubuhi moja anaanguka bafuni. Hospitali wanasema ni kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo, aina ambayo kwa kawaida hudhoofisha mkono na mguu wa kulia, na mara nyingi huondoka na maneno pia.

Mkono wa kulia ndio uliokuwa ukisaini. Mke anapokwenda benki anaulizwa mwenye akaunti yuko wapi. Mtoto anapojaribu simu, anakosea namba ya siri hadi laini inafungwa, na kuifungua kunahitaji mwenyewe, kwa sababu laini zote nchini zilisajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya NIDA, zoezi ambalo ukomo wake ulikuwa Januari 2020. Miezi minne inapita. Marejesho yaliyokwama yamefikia Sh1,800,000, wakati Sh3,000,000 zimelala benki bila kuguswa. Familia inauza ng'ombe mwenye mimba kwa mchinjaji, kwa bei ya nyama, ili kulipa deni ambalo lingeweza kulipwa na fedha za mwenye deni mwenyewe.

Hasara ya namna hiyo haiandikwi kwenye kitabu chochote cha hesabu. Haitokani na ukame wala bei ya soko, inatokana na karatasi ambayo haikuandikwa.

Si ugonjwa wa Dar es Salaam peke yake

Wapo wanaoamini kuwa kiharusi ni ugonjwa wa mijini, wa watu wa maofisini na wenye vitambi. Takwimu zilizokusanywa jirani kabisa na Arusha zinasema vingine. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walifuatilia wagonjwa wapya wa kiharusi katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako wakazi wengi ni wakulima wa migomba na kahawa kama walivyo wa Meru, na katika sehemu ya Jiji la Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 108.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 315.9. Dar es Salaam iliongoza kwa mbali, lakini hata hicho kiwango cha Hai si cha kupuuza, hasa ikikumbukwa kuwa shinikizo la damu, ambalo ndilo chanzo kikubwa, halina dalili kwa wengi hadi siku ya kuanguka.

Utafiti mwingine uliofanyika vijiji sita vya Hai na kuchapishwa mwaka 2013 uliangalia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kuamua mambo uzeeni. Kati ya watu wenye miaka 70 na kuendelea, asilimia 6.4 walikuwa nao, yaani karibu mmoja katika kila 16. Huu hauna siku ya kuanguka. Unaanza kwa mzee kuuliza bei ileile mara tatu, kisha anauza mkungu wa ndizi mara mbili kwa wateja wawili, kisha siku moja anaweka dole gumba kwenye mkataba wa kuuza kipande cha shamba mbele ya mtu aliyemletea soda. Familia inasema ni uzee tu. Kwa upande wa mali, ugonjwa huu ni wa hatari kuliko kiharusi, maana mgonjwa bado anatembea, anasalimia vizuri na anasaini.

Wafanyabiashara wanaonunua mashamba na viwanja kwa wazee nao walijue hili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka anayeingia mkataba awe na akili timamu wakati wa kuuingia, na makubaliano yaliyofanywa na asiye na uwezo huo ni batili. Mnunuzi aliyefurahia bei ya kutupa anaweza kujikuta mahakamani miaka mitano baadaye akiwa ameshajenga.

Karatasi inayokufa siku ya kuhitajika

Wakulima na wafanyabiashara wengi waliowahi kufikiria jambo hili wanataja karatasi mbili, wosia na hati ya uwakilishi. Zote ni nzuri, lakini kila moja ina mpaka ambao watu wengi hawaambiwi.

Wosia unaanza kufanya kazi pale mwenyewe anapofariki. Hata kama umeandikwa na wakili bora wa Arusha, au umehifadhiwa na RITA, hauwezi kumruhusu mke kutoa hata shilingi elfu kumi benki wakati mume yuko kitandani anapumua. Mirathi nayo haifunguliwi kwa mtu aliye hai.

Hati ya uwakilishi ni karatasi ambayo mtu anampa mwingine mamlaka ya kufanya mambo kwa niaba yake: kusaini, kupokea kodi ya pango, kuuza mazao, kusimamia kesi. Husainiwa mbele ya wakili au kamishna wa viapo na kulipiwa ushuru wa stempu, na ikiwa inahusu kuuza au kuweka rehani ardhi yenye hati, huwasilishwa kwa Msajili wa Hati. Hii inafanya kazi mwenyewe akiwa hai, na ndiyo maana Watanzania wanaokwenda kufanya kazi nje huwaachia ndugu zao.

Tatizo liko ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya Mikataba, ambayo ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata ile ya India ya mwaka 1872, inasema uwakala unakoma pale aliyetoa mamlaka anapofariki au anapopoteza utimamu wa akili. Maana yake ni kwamba mzee aliyempa mwanawe hati ya uwakilishi ili imsaidie akizeeka, hati hiyo inakufa siku ileile kumbukumbu zake zinapokufa. Ni mwavuli unaofungwa mvua ikianza.

Sheria haimwachi wakala mikono mitupu kabisa. Inamtaka achukue hatua za busara kulinda mali aliyokabidhiwa pale mwenyewe anapofariki au kupoteza akili. Mtoto anaweza kuendelea kulisha ng'ombe na kufunga duka lisiibiwe. Kuuza kiwanja, kukopa au kusaini mkataba mpya ni habari nyingine.

Uingereza nayo ilikuwa na tatizo hili hili. Ililitatua mwaka 1985 kwa kutunga sheria iliyoruhusu hati ya uwakilishi inayoendelea kuishi hata baada ya mtoaji kupoteza uwezo wa kuamua, kisha ikaipanua kwa sheria ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika 2007, ili ihusu pia maamuzi ya matibabu na mahali pa kutunzwa. Marekebisho hayo yalifanywa huko baada ya nchi yetu kujitawala, kwa hiyo hayakutufikia. Tanzania Bara haina hati ya aina hiyo katika sheria zake, na mtu anayeuziwa fomu iliyochapwa kutoka kwenye mtandao wa Uingereza au Marekani anauziwa karatasi tu.

Hata hivyo, tofauti moja ni muhimu sana na inaokoa wengi. Kupooza si kupoteza akili. Mgonjwa ambaye mkono na mguu vimekataa lakini anaelewa anachoulizwa, anatambua watu wake na anaweza kuonyesha anachotaka, bado ana uwezo wa kisheria. Hati aliyoitoa zamani inaendelea kuwa hai, na hata kama hakuwa nayo anaweza kuitoa sasa, kwa dole gumba la mkono wa kushoto, wakili akimfuata nyumbani au wodini, asomewe kwa lugha anayoielewa na iandikwe kuwa amesomewa. Cheti cha daktari kinachosema siku hiyo mgonjwa alikuwa na akili timamu ni cha kuambatisha, maana kitahitajika siku ndugu mmoja atakapodai kuwa baba alishikwa mkono. Familia nyingi hupoteza wiki hizo za mwanzo kwa kungoja mgonjwa apate nafuu, halafu kiharusi cha pili kinakuja.

Kinachoweza kupangwa leo

Kwa kuwa hati ya uwakilishi haitoshi, kazi kubwa inabaki kwenye namna mali zenyewe zinavyomilikiwa. Hapa ndipo mkulima au mfanyabiashara anaweza kujiwekea ulinzi bila kungoja Bunge.

La kwanza ni akaunti. Akaunti ya benki ya watu wawili, kwa mfano mke na mume, inaweza kufunguliwa kwa masharti ya wote wawili kusaini au mmoja wao yeyote. Watu wasioaminiana huchagua wote wawili, na hiyo inazuia wizi lakini mmoja akipooza akaunti inakwama vilevile. Kwa fedha za kuendesha biashara, masharti ya mmoja yeyote, pamoja na ujumbe wa simu kwa wote wawili kila fedha inapotoka, yanafaa zaidi. Akiba kubwa inaweza kukaa pengine kwa masharti makali. Ni vizuri kumwuliza ofisa wa benki kabla ya kusaini: mmoja wetu akipoteza uwezo, mtafanya nini? Benki hazifanani katika hili, na jibu liandikwe.

Mtaji wa kwenye simu ndio unaowaponza wafanyabiashara wengi wa Kilombero na Tengeru. Kumpa mtoto namba ya siri ni kinyume cha masharti ya kampuni za simu na kumeshavunja familia. Dawa iliyo nafuu ni kutoruhusu mtaji ulale kwenye laini ya mtu. Mauzo yapokelewe kwa namba ya malipo ya biashara, na jioni yahamishiwe kwenye akaunti yenye wasaini wawili. Kinachobaki kwenye simu kiwe cha nauli na sukari.

Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinaruhusu mke na mume kuandikishwa pamoja. Katika umiliki wa pamoja, mmoja akifariki aliyebaki ndiye mwenye ardhi. Mmoja akiugua, jina la pili kwenye hati haliruhusu kuuza bila mwenzake, lakini linampa aliye mzima haki ya kusimama shambani mwake, kuvuna na kumjibu shemeji anayekuja na fundi wa kupima. Kwa vijiji vya Meru ambako mashamba mengi ni ya kimila, hati ya haki miliki ya kimila inaweza kubeba majina yote mawili. Zipo koo ambazo bado zinasema kihamba hakiandikwi jina la mwanamke. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inazibatilisha mila zinazowanyima wanawake, watoto au wenye ulemavu haki ya ardhi, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wazee wa mila, wawe washili wa Wameru au malaigwanani wa Waarusha, wakishirikishwa mapema huwa mashahidi wazuri kuliko wapinzani.

Biashara nayo. Mtu aliyesajili jina la biashara peke yake, yeye na biashara ni kitu kimoja mbele ya sheria. Akianguka, biashara imeanguka. Ubia wenye mkataba wa maandishi, au kampuni yenye wakurugenzi wawili, unaendelea kuwa na mtu wa kusaini. Gharama za kampuni na hesabu zake zinaweza kuwa kubwa mno kwa duka la mtaa, na si haki kumshauri kila muuza nafaka afungue kampuni. Lakini kwa mwenye mashine mbili za kusaga, fuso na wafanyakazi sita, hoja ya gharama haina nguvu tena. Makadirio ya kodi yatalipwa kwa awamu zake mwenyewe akiwa mzima au akiwa kitandani.

Mkopo ni sehemu ambayo wakopaji hawasomi. Mikopo mingi huja na bima, na mkopaji anakatwa fedha ya bima siku anapochukua mkopo. Bima hiyo inalipa deni akifariki. Je, inalipa akipata ulemavu wa kudumu? Baadhi zinalipa, baadhi hazilipi, na zinazolipa zina muda wa kutoa taarifa ambao familia isiyojua huupitisha. Swali hilo moja lingemwokoa yule ng'ombe mwenye mimba.

Halafu kuna daftari. Hili halihitaji wakili. Mzee wa mfano wetu alikuwa amewakopesha wateja magunia kadhaa ya mahindi na hakuna aliyejua ni nani na nani. Daftari lenye orodha ya mali, madeni anayodai na anayodaiwa, akaunti, namba za mikopo, kadi za bima, hati ziko wapi, namba ya usajili wa mbolea ya ruzuku ambayo wakulima wanaitumia tangu msimu wa 2022/2023, na zamu ya maji ya mfereji inaangukia siku gani, ni mali kuliko wanavyodhani wengi. Namba za siri haziandikwi humo. Mtu mmoja zaidi ajue daftari liko wapi.

Wodini, neno la nani?

Upande wa matibabu, mgonjwa mwenye akili timamu anaamua mwenyewe. Akishindwa kusema, madaktari wanaokoa maisha kwanza, na kwa yasiyo ya dharura huwauliza ndugu. Hapo mara nyingi hutokea vuta nikuvute. Mke anataka mgonjwa apelekwe KCMC, kaka zake wanataka arudishwe nyumbani, mtoto aliye Dar es Salaam anapiga simu kukataa upasuaji. Kila mmoja anajiona ndiye mwenye neno, na wakati huo bili inapanda na shamba ndilo linalotazamwa kulipia.

Hakuna sheria mahsusi nchini inayosema karatasi ya mgonjwa aliyoiandika akiwa mzima itamfunga daktari. Haina maana kwamba karatasi hiyo ni bure. Mashahidi wa Yehova kwa miaka mingi wamebeba kadi iliyosainiwa inayoeleza msimamo wao kuhusu kuongezewa damu na nani aulizwe. Hata asiyekubaliana na imani yao anaweza kujifunza utaratibu. Barua fupi inayomtaja mtu mmoja wa kuulizwa na wa pili iwapo wa kwanza hayupo, inayoeleza mgonjwa anataka nini kuhusu upasuaji, kuhamishwa hospitali na kiasi gani cha mali kiuzwe kwa ajili ya matibabu yake, inampa daktari pa kushika na inawanyamazisha wanaopiga kelele. Ikisainiwa na mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, na nakala ikakaa kwenye faili lake la kliniki ya presha, ni bora zaidi.

Sentensi hiyo ya kiasi gani kiuzwe ndiyo ngumu kuiandika, na ndiyo yenye thamani kubwa. Mashamba mengi ya mlimani yamekatwa vipande kulipia wiki za mwisho ambazo mgonjwa mwenyewe asingezitaka, na watoto hawathubutu kusema hapana kwa sababu watalaumiwa hadi kaburini. Anayeweza kusema ni mwenyewe tu, tena kabla.

Mlango wa mahakama

Kama hakuna kilichoandaliwa na akili ya mgonjwa imeshapotea, mlango uliobaki ni mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, ambayo ilichukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya magonjwa ya akili, inaruhusu ndugu kuomba ateuliwe msimamizi wa mali za mtu ambaye kwa maradhi ya akili hawezi kuzisimamia. Jina la sheria linawatisha watu, wakidhani ni ya wagonjwa wa Mirembe peke yao. Mzee aliyepoteza kumbukumbu, au aliyeharibiwa ubongo na kiharusi, anaweza kuombewa chini ya sheria hiyo.

Mahakama itataka ushahidi wa daktari, maelezo ya mali na ya ndugu waliopo, na muhtasari wa kikao cha familia unasaidia sana. Anayeteuliwa anatunza mali kwa faida ya mgonjwa na wale wanaomtegemea, anatoa orodha ya mali na hesabu, na hawezi kuuza shamba au nyumba kwa kujiamulia bila kibali cha mahakama. Ni ulinzi mzuri. Shida yake ni muda. Maharage hayangoji tarehe ya kutajwa kesi, na kahawa iliyoiva ikikaa mtini inadondoka.

Baraza la kata halina uwezo huu; tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi ya mabaraza hayo katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu. Barua ya mwenyekiti wa mtaa inayomtambulisha mke nayo haimfanyi kuwa msimamizi, ingawa wapo waliolipia muhuri wakiamini hivyo. Kwa asiye na fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na kila mwaka kuelekea Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari mahakama hutoa elimu bure kwa wananchi. Ni siku nzuri ya kwenda na swali lililoandikwa, si na mgonjwa begani.

Neno uchuro

Ukweli ni kwamba kinachowazuia wengi si gharama. Wakili wa kuandika hati ya uwakilishi anapatikana Arusha kwa fedha ambayo mfanyabiashara wa wastani anaitumia kwenye mchango wa harusi moja. Kinachozuia ni neno uchuro. Baba anayeita watoto na kuanza kusema siku nikishindwa kuongea, anaambiwa anajitabiria. Mtoto anayeuliza hati za baba ziko wapi anaonekana ana haraka ya kurithi. Mke akiuliza ni hatari zaidi, atasikia ameshaandaliwa na mtu wa nje.

Wapo waliopata njia ya kulikwepa neno hilo. Wanaliweka kwenye mambo ya kazi. Siku ya kuchukua mkopo, mume na mke wanapokwenda wote kusaini ridhaa, wanamalizia na akaunti ya pamoja. Siku ya kupima shamba kwa ajili ya hati ya kimila, majina yanaingia mawili. Desemba watoto wakirudi kwa sikukuu, daftari linafunguliwa mezani kama hesabu ya mwaka, bila kutaja ugonjwa wa mtu. Na wosia, kwa wanaofuata sheria za mila, uandikwe wakati huo huo mwenyewe akiwa na afya: kanuni za mwaka 1963 zinataka mashahidi wawili kwa anayejua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, na wanne kwa asiyejua, wakigawanyika hivyo hivyo.

Kuna familia ambazo zilifanya yote haya vizuri, kisha zikasahau. Wakala aliyetajwa kwenye hati ya mwaka 2012 leo yuko Muscat na amebadili namba ya simu. Msaini wa pili wa akaunti ni binti ambaye kitambulisho chake benki bado ni cha jina la kabla ya ndoa. Shahidi mmoja amefariki. Mabadiliko hayo hurekebishwa kwa siku moja ya kuzunguka mjini, wakili asubuhi na benki mchana, maadamu mwenye mali bado anaweza kupanda daladala mwenyewe na kuketi mbele ya meza akajibu anachoulizwa.